Mtoto Akipata Choo Kigumu, Tufanyeje?

Somo la leo linahusu mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, yaani yule aliyekwisha kuanza kula ugali.

Utajuaje?

Mtoto mmoja huenda choo mara mbili kwa siku. Mwingine huruka siku moja. Hilo si ugonjwa. Tazama choo chenyewe. Je, ni kikavu na cha vidongevidonge kama mavi ya mbuzi? Je, mtoto analia akijisaidia? Je, anapata choo chini ya mara tatu kwa wiki? Basi amefunga choo.

Kwa nini?

Utumbo mkubwa hufyonza maji kutoka kwenye mabaki ya chakula. Mabaki yakikaa humo siku nyingi, hukauka kama tope la mbugani wakati wa kiangazi.

Sababu nyingi ziko nyumbani. Hapa kwetu Shinyanga na Geita kiangazi ni kirefu, na mtoto hunywa maji kidogo. Mama yuko shambani au machimboni, na dada mdogo aliyeachiwa mtoto hakumbuki kumnywesha. Uji ni wa sembe tupu. Penye ng'ombe, mtoto hushiba maziwa akakataa chakula kingine.

Iko na sababu ya woga. Choo kikimwumiza leo, kesho anakibana. Utamwona amekaza miguu, amejificha nyuma ya kihenge. Wewe unadhani anasukuma, kumbe anazuia! Choo kinazidi kukauka, na maumivu yanazidi. Ukimchapa, unaongeza woga.

Tufanye nini?

1. Mpe maji yaliyochemshwa yakapoa, kidogo kidogo mchana kutwa. Yawekwe karibu, na dada yake aagizwe.

2. Pika uji wa dona au mtama. Mpe mlenda, majani ya kunde, choroko, papai na embe.

3. Maziwa ya ng'ombe yasizidi nusu lita kwa siku. Anayenyonya aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi.

4. Kila baada ya kula, mkalishe ajisaidie kwa dakika tano, maana kula huamsha utumbo. Shimo la choo humtisha. Mkalishe kwenye poti, au juu ya miguu yako uliyoinyoosha, kama bibi zetu walivyofanya. Kinyesi kitupwe chooni, kisha unawe kwa sabuni.

Fanya hivyo kila siku kwa wiki kadhaa. Siku moja haitoshi.

Tusifanye nini?

Wengine humwingizia mtoto kipande cha sabuni au maji ya mizizi kwa njia ya haja kubwa. Wengine humpa haluli ya watu wazima. Jamani, tuache! Sabuni huunguza utumbo. Dawa ya mizizi haina kipimo, na yaweza kuharibu figo. Haluli humwendesha mtoto hadi akaishiwa maji mwilini, na anaweza kufa.

Lini twende zahanati?

Chukua kadi ya kliniki umpeleke mtoto kama choo kina damu, ana homa, haongezeki uzito, au wiki mbili zimepita bila nafuu. Mweleze mganga wa zahanati kama mtoto alipozaliwa alikaa siku mbili bila choo. Zipo dawa za kulainisha choo, na kipimo chake hutegemea uzito wa mtoto.

Tumbo likivimba na mtoto akitapika, hasa matapishi ya kijani, usingoje asubuhi. Huenda utumbo umeziba.

Mtoto wa chini ya miezi sita hupewa maziwa ya mama tu. Huyo usimpe maji wala uji. Akiwa na shida ya choo, mpeleke zahanati.

Maswali

1. Kwa nini mtoto aliyeumizwa na choo hukibana?
2. Taja vyakula vitatu vya kijijini kwako vinavyolainisha choo.
3. Jirani anataka kumwekea mtoto sabuni. Utamwambia nini?

Msomee jirani somo hili, mjibu maswali pamoja.