Unakaribia Kustaafu Jeshini? Panga Kazi na Nyumba Mapema

Askari wengi wa vyeo vya chini JWTZ hustaafu wakiwa bado na nguvu, na watoto wangali shule. Usingoje barua ya kustaafu ndipo uanze kuwaza.

Anza na wasifu. Ukiandika "koplo" ukaishia hapo, mwajiri wa kiraia hatakuelewa. Andika kazi yenyewe: umeendesha malori, umetengeneza jenereta, umepikia kombania nzima. Kama fani uliipatia kazini na huna cheti cha kiraia, nenda VETA. Wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunza nje ya darasa na kumpa cheti.

Ulinzi ni kazi halali. Ila uichague wewe, usiishike kwa kuwa ndiyo iliyotokea kwanza.

Kiinua mgongo kikiingia, kitulize miezi mitatu. Watu wa dili watakuja, na shemeji mwenye daladala ya kuuza hatakosekana. Kaa na mwenzi wako mwandike bajeti. Hati ya nyumba isiende benki kimyakimya: Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa yake.

Nyumbani ndiko kwenye kazi kubwa. Ulipokuwa Darfur, Lebanon au mashariki ya Kongo, mkeo alilipa ada, akamuuguza mama yako, akabishana na mafundi. Nyumba ilienda bila wewe. Usirudi na amri. Muulize, "Nishike lipi?" Shika moja, lizoee, ndipo uongeze. Watoto usiwakague kama makuruta. Nawe dada unayestaafu, usikubali kutupiwa jiko lote eti sasa unashinda nyumbani.

Usingizi ukipotea, au mlio wa fataki ukikurusha kitandani, mwambie mwenzi wako. Kisha muone daktari. Lugalo ni hospitali ya jeshi. Ukiona haya kukutana na wenzako, kuna Muhimbili, na Dodoma kuna Mirembe. Pombe itakuongezea tatizo la pili.

Mkikwama kwenye ndoa, nendeni baraza la usuluhishi, la kata au la dini yenu. Kwa kawaida mahakama haipokei shauri la talaka ambalo halijapitia huko. Nendeni mkiwa bado mnaongea.