Tunauliza Hukumu ya Sataranji, Hatuulizi ya Zebaki



Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu katika sekondari moja mkoani Geita. Muhula uliopita mwenzangu wa hisabati alianzisha kikundi cha sataranji. Mbao zilichorwa kwenye maboksi, kete zikawa vifuniko vya soda. Hazikupita wiki mbili nikafuatwa na wazazi watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wote na swali moja: Ustaadh, mchezo huu si haramu?

Swali ni zuri na nililijibu. Wanazuoni wamehitalifiana. Madhehebu ya Hanafi, Maliki na Hanbali kwa jumla yameukataza. Imam Shafi'i, ambaye sisi wengi wa Afrika Mashariki tunafuata madhehebu yake, ameuona kuwa ni makruhu, na unakuwa haramu ukiingiwa na kamari au ukimpitisha mtu wakati wa swala. Imepokewa hata kwamba Said bin Jubayr, mwanafunzi wa Ibn Abbas, akicheza huku ameupa ubao mgongo. Nikawaambia wazazi kuwa swala ya Adhuhuri inaswaliwa kwanza, hapana pesa wala matusi, na mtoto anajifunza kufikiri kabla ya kunyanyua mkono. Majirani zetu wa Uganda walianza hivyo hivyo katika mtaa wa Katwe, Kampala, na binti wa mtaa ule, Phiona Mutesi, akafika hadi mashindano ya dunia mwaka 2010. (Ludo yenye dadu, ambayo tuna dalili nzito zaidi ya kuiogopa kutokana na hadithi ya Muslim, inachezwa vibarazani mwetu kila jioni na sijaona aliyekuja kuiuliza.)

Wazazi wawili waliridhika. Wa tatu ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Ni mzee mwema, hakosi safu ya mbele, na kisima cha msikiti wetu kimechimbwa kwa fedha zake, sadaka kwa ajili ya marehemu mama yake. Huyu mzee ana karasha na mwalo bondeni, chini ya msikiti. Siku ile alipokuwa akiniuliza juu ya vifuniko vya soda, mwanawe alikuwa amesimama kando na kichupa mkononi. Ndani yake mlikuwa na zebaki.

Kwa wasomaji wa mijini wasiojua kazi hii, nieleze. Mawe ya dhahabu husagwa kwenye karasha mpaka yawe unga. Unga huoshwa kwenye mwalo, dhahabu nzito inabaki chini. Mabaki yale hutiwa kwenye beseni na zebaki, yakafinyangwa kwa mikono mitupu, maana zebaki hushikana na dhahabu. Kisha donge huchomwa motoni. Zebaki inapaa kuwa mvuke, dhahabu inabaki. Mvuke huo anauvuta mchomaji, na mara nyingi mkewe na watoto, kwa kuwa huchomwa uani. Zebaki nyingine hubaki kwenye marudio na kuteremka na mvua hadi mtoni na ziwani. Humo vijidudu vya kwenye tope huigeuza kuwa sumu kali zaidi, inaingia kwa samaki wadogo, kisha kwa wakubwa wanaowala, kisha kwetu. Anayeumia kuliko wote ni mtoto aliye tumboni, kwa sababu sumu hii hushambulia ubongo unaoumbika.

Si hadithi za kutishana. Wajapani wa Minamata, ambako kiwanda kilimwaga zebaki ghubani, waligundua maradhi hayo rasmi mwaka 1956, na mkataba wa dunia wa kuidhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, umepewa jina la mji wao. Tanzania imeuridhia.

Sasa tuingie kwenye somo. Hakuna aliyewahi kuniuliza hukumu ya zebaki mtoni. Nikajiuliza, je, fiqhi imenyamaza? Haikunyamaza hata kidogo. Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama, hadithi iko kwa Bukhari na Muslim. Ametahadharisha juu ya kujisaidia mahali watu wanapoteka maji, akakutaja pamoja na njiani na kivulini kuwa ni mambo yanayoleta laana. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanaijua kanuni ya usuli inayoitwa kiasi cha aula: likikatazwa dogo, kubwa limekatazwa zaidi. Mkojo hukauka ukaisha. Zebaki haikauki ikaisha, haiozi, inakaa kwenye tope miaka na miaka. Kama la kwanza limekatazwa, la pili litaruhusiwa kwa dalili gani? Na juu ya hayo iko kanuni ya kutodhuru wala kulipizana madhara, na hadithi ya Abu Daud kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Maji ya bonde si ya mwenye mwalo peke yake.

Watasema tunawaonea wachimbaji wadogo. Kweli, wakubwa nao wana yao. Tarehe 7 Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, lilipasuka, tope likaingia mashambani na majumbani mwa watu. Lakini kosa la mwenye bwawa halihalalishi kosa la mwenye beseni.

Na Shinyanga hatupaswi kusahau thamani ya maji, maana nimekulia huko. Nimeteka maji ya lambo tukigombania na ng'ombe. Mkoa ule uliwahi kuogopewa kuwa jangwa, hadi mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986 na kuhuisha ngitili, yale malisho ambayo Wasukuma huyatenga yasiguswe mpaka kiangazi. Nilipofika chuo kikuu na kusoma habari za hima, ardhi ambayo Mtume (s.a.w.) aliitenga pale Naqi' kwa ajili ya malisho, nilicheka peke yangu maktabani. Kumbe babu yangu alikuwa akiifanya bila kujua jina lake la Kiarabu. Kisha mwaka 2009 yakazinduliwa maji ya bomba yanayovutwa kutoka Ihelele, Ziwa Victoria, hadi Kahama na Shinyanga. Ziwa ni hilo hilo linalopokea mito ya Geita. Sisemi bomba lina sumu, maji yale husafishwa kwanza. Nasema tunakunywa chungu kimoja.

Katika darasa lile lile niliwataka wanafunzi wataje waandishi wetu waliotangulia mbele ya haki. Walimtaja Shaaban Robert, wakakwama. Nikawaongezea wawili. Wa kwanza ni Sheikh Abdullah Saleh Farsy, aliyekufa mwaka 1982, ambaye mwaka 1969 alitutolea tafsiri kamili ya Qur'an kwa Kiswahili ili mtu wa kawaida asome na aulize mwenyewe. Wa pili hakuwa sheikh wala hakuandikia msikiti: Profesa Seithy Chachage wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyefariki mwaka 2006. Riwaya yake ya Makuadi wa Soko Huria, ya mwaka 2002, inagusa mapambano ya wananchi wa delta ya Rufiji na mradi wa kufuga kamba, na katika miaka ya tisini alikwisha kuandika juu ya madini yetu na haki ya mnyonge. Tuna ada ya kuwasomea marehemu wetu hitma, na ni jema. Ila elimu yenye kunufaisha, katika yale matatu yanayombakia mtu, thawabu yake huenda na kutumika kwake. Vitabu vya hawa wawili viko kabatini kwetu na kufuli juu.

Nami sijitoi. Miaka miwili nilitawadha kwa maji ya kisima cha yule mzee, nikipita kando ya mwalo wake mara tano kwa siku, nikanyamaza. Nilimwonea haya mfadhili. Nimefundisha kuwa Saad bin Ubada alichimba kisima kwa ajili ya mama yake baada ya kuambiwa sadaka bora ni maji, wala sikufundisha upande wa pili, hadithi ya Muslim kwamba mwenye kuanzisha jambo baya hubeba dhambi yake na ya watakaolifuata.

Ijumaa iliyofuata nilimfuata baada ya swala.

"Mzee wangu, swali lako la sataranji nimelijibu. Nami ninalo langu."

Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Ustaadh, kisima kina mpaka katika sheria?"

Nikamwambia Ibn Majah amepokea dhiraa arobaini, ingawa sanadi yake imezungumzwa, na wanazuoni wetu wa Kishafi'i wanatazama haja na madhara, hivyo sumu inayotembea na maji mpaka wake uko mbali zaidi.

Akamwita mwanawe alete kamba. Tulipima sisi watatu kabla ya Alasiri, kutoka ukingo wa kisima cha mama yake hadi kwenye beseni. Hazikufika dhiraa arobaini. Mzee aliikunja kamba taratibu, akaniuliza chombo cha chuma cha kunasia mvuke kinauzwa wapi, na shimo la kumwagia marudio lijengewe saruji kiasi gani. Nilikuwa sijui. Jumatatu tunakwenda wote ofisi ya madini kuuliza.