Mibuni Yetu na Jamaa Zake wa Mbali

SWALI: Bwana Mhariri, hapa Kagoma mibuni ya wazee imetanda, ilhali mingine niliyoiona imesimama wima. Je, ni jinsi moja?

JIBU: Naam, ndugu yangu, yote ni robusta, ambayo wataalamu waliiita Coffea canephora mwaka 1897, na kwa kuwa makao yake ya asili yaenea tangu misitu ya Guinea hadi Uganda, nayo misitu hiyo ilitenganishwa kwa dahari nyingi na ukame wa kale, kila taifa la mti huu lilijipatia umbo lake. Ile ya bonde la Kongo ina majani mapana, lakini kiangazi huidhoofisha. Ile ya eneo la Kouilou, ambayo Wabrazili huiita Conilon, ina majani membamba na ustahimilivu wa ajabu. Upande wetu wa Ziwa Viktoria zipo sura mbili, ya wima na ya kutanda, ambayo Waganda huiita nganda.

Wala usistaajabu kuona tofauti ndani ya kibanja kimoja, maana robusta haijichavushi yenyewe, na kila mbegu huchanganya nasaba mbili. Ukiupenda mbuni fulani wa babu, tafadhali usipande buni zake. Otesha vipande vya machipukizi yake.