Kuitafuta Nasaba Majaladani: Nafasi ya Nyaraka za Serikali katika Utafiti wa Fasihi Simulizi

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi amezoea kuitafuta nasaba vinywani mwa wazee. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba nyaraka za serikali nazo humfaa, mradi atambue ziliandikwa na nani na kwa haja gani. Mfano unaotumiwa ni Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Nairobi, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya bunge ya mwaka 1965.

Kilichoandikwa na kilichoachwa

Msomaji hujisajili, hupitia orodha za majalada, hunakili nambari anayoihitaji, kisha mhudumu humletea jalada katika chumba cha kusomea. Kwa mtafiti wa nasaba, hazina kubwa imo katika majalada ya wakuu wa wilaya na mikoa wa enzi ya ukoloni: ripoti za kila mwaka, ripoti za makabidhiano, barua na kumbukumbu za machifu.

Hata hivyo, serikali iliandika ilichokihitaji. Kodi ya kibanda ilipoanzishwa mwaka 1901, mume alilipia kila kibanda, vikiwemo vya wakeze. Hivyo basi, mke aliingia katika hesabu kama kibanda, si kama mtu mwenye jina. Sheria ya kipande ya mwaka 1915 nayo iliwalenga wanaume Waafrika waliotimu miaka 16. Mtafiti atakayetegemea majalada pekee atachora ukoo wa wanaume watupu.

Jina kama ushahidi

Wanawake wachache walioandikwa kwa majina aghalabu ni wale walioisumbua serikali. Mathalani, Mekatilili wa Menza alitajwa na maafisa wa Pwani kwa kuwahamasisha Wagiriama mwaka 1913 wapinge kodi na kazi za kulazimishwa. Mwaka huohuo alikamatwa na kuhamishiwa Kisii.

Jina lake lahitaji kusomwa kwa jicho la mwanafasihi. Mekatilili ni mama wa Katilili. Ni jina la uzazi. Jina lake la utotoni ni Mnyazi, na Menza ni babake. Asiyeijua desturi hiyo huliona jina moja tu. Anayeijua huona vizazi vitatu: Menza, Mnyazi na Katilili. Aidha, makarani waliandika majina ya Kiafrika jinsi masikio yao yalivyoyapokea, hivyo jina moja huweza kuwa na tahajia kadhaa.

Hitimisho

Inapendekezwa kwamba mtafiti aanze kwa wazee kabla ya kwenda Nairobi. Akusanye majina ya utotoni, ya uzazi, ya utani na ya rika. Jina la chifu wa wakati huo. Na wilaya ya enzi hizo, kwani mipaka imebadilika mara nyingi. Aorodheshe tahajia zote anazozikisia, kisha ndipo afungue orodha ya majalada. Baadaye awarejee wazee na alichokipata, wakisahihishe na kuyataja majina ya mama ambayo karani hakuyauliza. Utaratibu huu hauna budi kuharakishwa: jalada litakuwepo mwaka ujao, lakini wazee wanaolijua jina la nyanya asiyeandikwa wanazidi kupungua.