Bustani ya Shule: Darasa la Kwanza la Ushirika

Misingi ya ushirika inayofuatwa duniani huvitaka vyama vitoe elimu kwa wanachama, viongozi na umma, na hasa vijana. Vyama vingi hutimiza wajibu huo kwa semina za wajumbe wa bodi na makatibu. Vijana, ambao ndio watakaorithi vihamba na hisa, husahauliwa. Somo hili laeleza jinsi chama cha msingi cha Kirua Vunjo, au cha mteremko mwingine wa Kilimanjaro, kinavyoweza kushirikiana na shule ya msingi iliyo jirani ili bustani yake iwafunze watoto wote kutunza ardhi na kufanya kazi kwa pamoja.

1. Kihamba ni kitabu

Mtoto wa Kirua huishi ndani ya mfano bora wa kilimo kisichochosha ardhi. Juu husimama mringaringa na miti mingine ya kivuli. Chini yake migomba. Chini ya migomba kahawa. Na ardhini magimbi, maharage na mboga. Ng'ombe hulishwa zizini, na samadi yake hurudi shambani. Maji ya mfongo hugawanywa kwa zamu. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua utaratibu huu, kwa mfano wa kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima.

Hata hivyo, mtoto huweza kupita chini ya miti hiyo kila asubuhi na bado akajifunza habari za udongo ubaoni tu. Mwalimu na awatoe nje. Wamwage kopo moja la maji juu ya udongo mtupu wa mteremko, na kopo jingine juu ya udongo uliotandazwa majani ya migomba, kisha watazame ni wapi maji yanakimbia na udongo. Mzee anayejua kugawa maji ya mfongo aalikwe kueleza zamu zinavyopangwa na mkosaji anavyoonywa. Huo ni ushirika uliokuwapo kabla ya daftari la hisa.

2. Kazi isiwe adhabu

Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule ziwe na mashamba, na wanafunzi washiriki kupanga kazi na kuamua matumizi ya mapato yake. Mahali pengi sehemu ya kwanza ilishikwa, ya pili ikaachwa. Shamba likawa mahali pa kumpeleka mtoto aliyechelewa, naye hakuona mavuno wala hesabu. Mtoto wa namna hiyo hujifunza kwamba jembe ni aibu. Chama kinachosikitika kwamba vijana wanakimbia kahawa, na kwamba mkutano mkuu umejaa wazee watupu, kianze kwa kutazama jambo hili.

3. Kila mtoto na nafasi yake

Uanachama wa ushirika ni wazi kwa wote bila ubaguzi; bustani nayo iwe hivyo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imelinda haki ya mtoto mwenye ulemavu kusoma pamoja na wenzake. Kumketisha kivulini awatazame wengine wakilima si kumhurumia, ni kumtenga. Yafaa yafuatayo:

(a) Tuta moja liinuliwe kwa mawe hadi kimo cha kiuno, na njia yake iwe pana, kwa ajili ya asiyeweza kuinama au anayetumia kiti cha magurudumu.
(b) Kamba ifungwe kando ya matuta, imwongoze asiyeona. Huyo aweza kutambua mimea kwa kugusa na kunusa.
(c) Kazi ionyeshwe kwa vitendo kabla ya maneno, ili asiyesikia aanze pamoja na wenzake.
(d) Mwenye ualbino afanye kazi mapema asubuhi au kivulini, akiwa na kofia na nguo za mikono mirefu.
(e) Kuchota maji kusiwe kazi ya wasichana peke yao, wala uenyekiti usiwe wa wavulana peke yao.

4. Kitabu cha bustani

Wanafunzi wachague mwenyekiti, katibu na mweka hazina, nao wabadilishwe kila muhula. Tuseme wamevuna mafungu 60 ya mchicha. Mafungu 36 yameingia jikoni mwa shule. 24 yameuzwa kwa shilingi 500 kila moja, yaani shilingi 12,000. Mbegu ziligharimu shilingi 3,000. Ziada ni shilingi 9,000. Katibu asome hesabu hiyo mbele ya wote, nao waamue kwa kura kiasi cha akiba ya mbegu na cha matumizi. Mtoto aliyezoea kuuliza "Ziada iko wapi?" hatakuwa mwanachama wa kudanganywa.

5. Wajibu wa chama

Chama kitenge fungu dogo la elimu katika makisio yanayopitishwa na mkutano mkuu. Kitoe mbegu, miche ya kahawa na ya miti ya kivuli, kiazime mizani, na kimwombe afisa ugani afike shuleni. Dawa za kunyunyizia zisishikwe na watoto. Watumie samadi na mboji. Mavuno ni ya wanafunzi: si ya mwalimu, wala si ya chama.

Maswali ya majadiliano

1. Je, watoto wa shule iliyo jirani na chama chenu huiona hesabu ya bustani yao?
2. Ni mtoto gani asiyefika bustanini, na nini kinamzuia?
3. Mkutano mkuu ujao utatenga nini kwa kazi hii, na nani atatoa taarifa yake?