Mafuta yapo, ila si ya ndege yako

Ukipiga simu kwenye uwanja wowote wenye pilikapilika Afrika Mashariki ukauliza kama mafuta yapo, utajibiwa yapo, na aliyekujibu hatakuwa mwongo. Yapo kweli, bauza zima, ila ni Jet A-1. Wewe mwenye Cessna 172 au 206 ya pistoni unatafuta avgas, petroli ya ndege, na jibu hilo linakufaa kama linavyomfaa mwenye bodaboda anayeambiwa dizeli imejaa kituoni. Ndiyo maana nashikilia jambo moja ambalo marubani binafsi hulichukulia kwa wepesi: safari ya ndege ndogo huku kwetu ianzie kwenye avgas, njia ifuate baadaye. Jua kwanza ni wapi una uhakika wa kujaza, kisha pima unaweza kufika wapi na kurudi. Avgas ya kule uendako ihesabu kama mzigo unaoagizwa. Si huduma inayokusubiri.

Uhaba huu hautokani na uzembe wa wauzaji, na ukikielewa chanzo chake hutawalaumu. Jet A-1 ni ndugu wa mafuta ya taa. Inashuka Mombasa kwa meli, inasukumwa kwa bomba hadi Nairobi, na mashirika makubwa yanainunua usiku na mchana. Avgas ya kawaida, ile ya buluu iitwayo 100LL, ina madini ya risasi, kwa hiyo haipitishwi kwenye bomba moja na mafuta ya jeti. Husafiri kwa matangi ya kontena au kwa mapipa ya lita 200. Viwanda vinavyoitengeneza ni vichache duniani, na kiwanda chetu cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta ya aina yoyote mwaka 2013. Hata ile kemikali ya risasi inayoipa avgas nguvu yake, kwa soko la nchi za Magharibi, inatoka kwenye kiwanda kimoja tu kilichopo Ellesmere Port, Uingereza. Upande wa wanunuzi nao umepungua. Kazi ya kupeleka watalii mbugani, ambayo zamani ilifanywa na ndege za pistoni, sasa kwa sehemu kubwa inafanywa na Cessna Caravan, na Caravan inakunywa Jet A-1. Wamisionari waliliona hili mapema. Ndege ya Kodiak, iliyopata cheti mwaka 2007, ilibuniwa kwa kuwafikiria wao na kupewa injini ya tabo inayokunywa Jet A-1, kwa sababu avgas ilikuwa imeanza kuwa adimu na ghali kule wanakofanya kazi. Mfanyabiashara wa uwanja mdogo akiona ndege mbili za petroli kwa wiki hana sababu ya kufungia fedha zake kwenye tangi.

Kwa hiyo soma AIP, kitabu rasmi cha taarifa za viwanja na anga, lakini jua unasoma nini. Kila uwanja ulioandikwa humo una kifungu cha AD 2.4, kinachotaja aina za mafuta na vyombo vya kujazia. Kifungu hicho kinakuambia uwanja umesajiliwa kuwa na nini. Tangi lina kiasi gani asubuhi ya leo, hakikuambii. Notamu, yaani matangazo ya muda kwa marubani, zinasaidia pale tu mtu alipokumbuka kuzitoa. Atakayekupa jibu ni muuzaji mwenyewe. Mnara wa kuongozea ndege unajua nani anatua, haujui nani ameishiwa. Ukimpata muuzaji usimwulize kama avgas ipo. Mwulize zipo lita ngapi sasa hivi, nani mwingine ameweka oda, kama anatoa kwa pampu au kwa pipa, anafunga saa ngapi Jumapili, na analipwa kwa fedha taslimu, kadi au simu. Anayeuza kwa pipa mara nyingi anakutoza pipa zima, hata kama tangi lako linapokea lita 120 tu, na ni bora ujue hilo kabla hujafika. Kisha omba akutengee kwa namba ya usajili ya ndege, na umpigie tena asubuhi ya safari. Ni usumbufu, nakubali. Ukiwa uwanja wa Wilson, Nairobi, ambako ndege ndogo ni nyingi na avgas ni biashara ya kila siku, unaweza kuuona ni usumbufu wa bure. Ila Wilson ndiyo inayotuharibu tabia, maana tunatoka pale tukidhani viwanja vyote ni Wilson.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni hili: jaza matangi, nenda na urudi, usimwombe mtu mafuta. Linavutia, basi tulipime kwa safari ambayo wengi wangeitamani, Wilson hadi uwanja wa Manda, Lamu. Cessna 172S ina kama lita 200 zinazotumika. Nikiiwekea lita 36 kwa saa na mwendo wa noti 115, nikatoa lita 8 za kuwasha na kupaa, na 27 za akiba ya dakika 45, nabaki na lita 165, yaani saa 4 na dakika 35 angani. Kwenda na kurudi ni takribani maili 500 za baharini, sawa na saa 4 na dakika 21 bila upepo. Inatosha! Lakini msimu wa kusi upepo utakupinga ukienda na kukusukuma ukirudi, na wengi hudhani hapo deni limelipwa. Halilipwi, kwa kuwa unakaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaokupinga. Kwa noti 20 tu, safari inakuwa saa 4 na dakika 29, na zile dakika 14 za ziada zinabaki 6. Tena hapo nimehesabu kupaa mara moja, na kutoka Lamu utapaa mara ya pili, lita nyingine 8, dakika kama 13 za safari. Tayari umeingia kwenye akiba, na bado hujazunguka wingu hata moja wala kuambiwa usubiri zamu ya kutua.

Na hizo lita 200 hazipandi bure. Avgas ina uzito wa karibu kilo 0.72 kwa lita, kwa hiyo umepakia kilo 144 za mafuta kwenye ndege ambayo uwezo wake wa kubeba, ukiondoa uzito wake mtupu, ni kama kilo 390. Zinabaki takribani 245, yaani watu wazima watatu na mikoba ya mkononi. Kiti cha nne umekigeuza tangi. Halafu unapaa kutoka futi zaidi ya 5,500 juu ya usawa wa bahari, mchana wa joto, ukiwa umefika uzito wa mwisho unaoruhusiwa. Kubeba mafuta ya kurudi ni mbinu halali, na kwa safari fupi kama ya Kisumu mimi mwenyewe ningeipendekeza bila kusita. Ila usiifanye sheria ya safari zote. Na yule anayefikiria kumaliza tatizo kwa madumu ya petroli ndani ya kabini, nyuma ya viti vya abiria, aachane na wazo hilo.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: petroli ya kituo cha barabarani si petroli? Kwa ndege fulani ni petroli safi kabisa. Injini ya Rotax 912 inaipenda kuliko avgas, ambayo risasi yake huacha masizi na kukulazimisha kubadili oili mapema. Mwenye Rotax shida yake ni kinyume cha yetu, anatafuta kituo chenye petroli ya oktani inayotakiwa, isiyochakachuliwa. Hata Cessna 150 za zamani ziliruhusiwa Marekani kutumia petroli ya magari tangu mwaka 1982, kwa kibali kilichopatikana na EAA, chama cha wapenda ndege cha huko. Lakini injini zenye mgandamizo mkubwa, kama IO-520 iliyomo kwenye 206 nyingi, ni habari nyingine. Watu huona 95 kwenye pampu na 100 kwenye avgas, wakadhani pengo ni tano. Namba hizo hazikupimwa kwa kipimo kimoja. Ile 95 ni ya RON, kipimo chepesi zaidi. Ukiipima petroli hiyo hiyo kwa MON, kipimo kikali kinachokaribiana na cha avgas, inashuka hadi karibu 85. Pengo ni kumi na tano, na linajitokeza pale injini inapovuta kwa nguvu zote, ndege ikiwa ndiyo kwanza imeacha ardhi. Ongeza kwamba petroli ya magari hugeuka mvuke kwa urahisi, kwenye joto na kimo cha nyanda zetu, na mvuke huo unaweza kuziba njia ya mafuta. Kama ndege yako haina kibali kilichoandikwa, jibu ni hapana.

Pingamizi la tatu linatazama mbele: risasi inaondoka, petroli mpya inakuja, subira tu. Ni kweli inaondoka. Marekani imejiwekea mwisho wa 2030, na mwaka 2022 mamlaka yake ya anga ilikubali petroli iitwayo G100UL kwa ndege zote za pistoni zilizo kwenye orodha yake. Lakini hata huko njia haijanyooka. Chuo Kikuu cha North Dakota, chenye kundi kubwa la ndege za mafunzo, kilijaribu UL94 isiyo na risasi, kikarudi kwenye 100LL mwaka 2023 baada ya kuona viti vya valvu vinalika. Mlaji mdogo aliye mwisho wa mnyororo, kama sisi, hatakuwa wa kwanza kupelekewa mafuta mapya, na huenda akawa wa kwanza kukosa ya zamani. Anayenunua ndege leo ningemwambia azitazame kwa makini zenye injini za dizeli zinazokunywa Jet A-1, kama Diamond DA40 NG, ingawa ajiandae kwa bei na kwa kumtafuta fundi anayezijua.

Ajiandae pia kusimama karibu na bomba la kujazia, maana DA40 nyingine yenye umbo lile lile inakunywa avgas. Kosa la kuwekewa Jet A-1 kwenye injini ya petroli ni la hatari hasa pale ambapo mhudumu anahudumia Caravan kutwa nzima, na karatasini 206 na 208, ambayo ndiyo Caravan, zinatofautiana tarakimu moja. Neno Turbo lililochorwa ubavuni mwa ndege ya pistoni limewahi kuwapotosha wajazaji. Mdomo mpana wa bomba la Jet A-1 umetengenezwa usiingie kwenye tundu la avgas, lakini mdomo huo hufunguliwa ukawekwa mwingine. Injini itawaka na kutembea vizuri hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kwa avgas iliyobaki kwenye mirija, kisha ianze kugonga na kufa ikiwa hewani. Usitegemee rangi peke yake, kwani mchanganyiko unaweza kubaki na ubuluu. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: avgas hukauka ikaisha, Jet A-1 huacha doa la mafuta.

Ukikuta pipa uliloagiza, litazame lilivyohifadhiwa. Lililosimama nje wima hukusanya maji ya mvua juu ya vizibo, na baridi ya usiku huyavuta ndani taratibu. Lilipaswa kulazwa, vizibo vikiwa mkabala, kama saa tatu na saa tisa kwenye uso wa saa ya ukutani. Soma aina ya mafuta na namba ya toleo, hakikisha lakiri haijaguswa, lisimamishe na uliache litulie kabla ya kulifungua. Unganisha kwa waya pipa, pampu na ndege, pitisha kila lita kwenye chujio linalozuia maji, na mrija wa pampu usifike chini kabisa. Lita chache za mwisho ziachie pipa. Ukimaliza, kunywa chai kwanza, maji yapate muda wa kushuka. Kisha kinga mafuta kutoka chini ya kila tangi kwenye kikombe cha kioo, uyainue juani, na utafute tone linalozunguka chini bila kuchanganyika.