Okidi ya Chui na Namna ya Kuitunza katika Nchi Kavu

Wasomaji wetu wa Garissa wameyaona magunia ya mkaa yakisimama kando ya barabara kungojea malori. Kila gunia lilikuwa mti, na juu ya mti huo huenda palikaa mmea mwingine ambao mchoma makaa hakuujali, akautupa pamoja na majani. Mmoja katika mimea hiyo ni okidi ya chui, ambayo wataalamu huiita Ansellia africana. Makala hii ni kwa ajili ya mtu atakayeiokota kabla haijakauka.

Jina hilo latokana na John Ansell, mtunza bustani Mwingereza aliyeiona katika kisiwa cha Fernando Po, wakati wa safari ya Mto Niger ya mwaka 1841. Kwetu huota katika nchi za joto, tangu vichaka vya pwani hata mabonde ya mito ya bara. Mashina yake hufanana na miwa midogo iliyosongamana, na maua yake ni ya manjano yenye madoa ya hudhurungi, kama ngozi ya chui.

Watu wengi hudhani kwamba hunyonya mti unaoibeba. Sivyo. Hukaa tu juu ya gome, ikapata maji yake kwa mvua na umande. Ina mizizi ya namna mbili: mingine hushika mti, na mingine, myeupe na myembamba kama sindano, husimama ikielekea juu. Hii ya pili ni kapu lake: majani makavu huangukia humo, yakaoza, yakawa chakula. Basi usiikate wala usiifukie.

Mbegu zake ni kama vumbi, wala hazina akiba ya chakula. Mwaka 1899 Mfaransa Noël Bernard aligundua kwamba mbegu ya okidi haioti porini isipokuwa imesaidiwa na ukungu maalumu. Kwa hiyo usitarajie kuzipanda katika kopo, na ujue ya kuwa okidi iliyong'olewa katika mti mzima si rahisi kupata ya kuishika nafasi yake. Chukua ile tu iliyoanguka pamoja na mti wake, kwa ruhusa ya mwenye mahali. Katika msitu wa serikali hutakiwa kibali.

Ikiwezekana, ichukue pamoja na kipande cha tawi lake. Ifunge kwa kamba ya katani juu ya mti wenye gome la kukwaruza, lisilobambuka, mahali penye jua la asubuhi na kivuli chepesi cha adhuhuri. Kivuli cha mgunga chafaa sana. Iweke juu kupita shingo ya ngamia, maana mbuzi si adui pekee hapa kwetu! Asiye na mti na atumie kapu la waya lenye vipande vikubwa vya mkaa na makumbi ya nazi. Udongo usitiwe hata kidogo, kwa kuwa mizizi hii yataka hewa.

Sasa twaja kwenye maji, na hapa ndipo wengi hukosea. Mimi mwenyewe niliiua okidi yangu ya kwanza kwa huruma. Nilipoona jua kali la mwezi wa Februari niliimwagia maji asubuhi na jioni, na baada ya majuma machache mashina yalikuwa laini na yenye kunuka. Mmea huu hulala wakati wa kiangazi. Mashina yale manene ndiyo matangi yake, hata yale yasiyo na jani, nayo yasikatwe. Wakati huo yatosha kuinyunyizia kidogo mara moja moja, mashina yakianza kunyauka. Machipukizi mapya yakitokea, hapo uinyweshe vema asubuhi, ikauke kabla ya usiku.

Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi, nayo huunguza mizizi. Ya mvua ni bora. Ya Mto Tana yafaa pia, yakiachwa yatulie hata tope lishuke. Wakati wa kukua waweza kutia maji yaliyolowekwa samadi kuukuu ya mbuzi, mepesi kama chai iliyozidi maji.

Kichaka kikiwa kikubwa chaweza kugawanywa mwanzo wa mvua. Pitisha kisu motoni kwanza, acha mashina matatu au manne kila upande, na jeraha likauke siku chache kabla ya kunywesha. Wadudu wa magamba hufutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Wenye jamaa ng'ambo ya mpaka wakumbuke kwamba okidi zote zimo katika mkataba wa CITES wa mwaka 1973. Haivushwi, hata kama zawadi, pasipo hati, na wa kuulizwa ni Shirika la Huduma za Wanyamapori.